Orodha ya Bibi Harusi na Orodha ya Maafa



Leo hatuna piko wala rangi za shela. Tuna neno zito kidogo, ila nalo limeanzia kwenye harusi, kwa hiyo msitukimbie. Tunataka kusema juu ya misaada ya maafa: nani huitoa, nani huipokea, na kwa nini wanawake wa shughuli, wale tunaoambiwa kila siku kwamba kazi yetu ni kupoteza pesa za watu kwa pilau na sare, ndio wenye ujuzi unaotakiwa upepo ukishapita.

Mwezi wa Novemba 2012, katika duka la mtandaoni la Amazon, kulikuwa na orodha ya zawadi za harusi isiyokuwa na bibi harusi. Kwa wasiojua, Marekani anayeolewa huenda dukani akaandika vitu anavyovihitaji, na jamaa huchagua kila mtu cha kumnunulia. Orodha hiyo haikuwa na seti ya sahani wala mashuka ya kutandikia. Ilikuwa na jenereta, mablanketi, tochi, betri, nepi za watoto, majembe ya kuondolea tope na vifaa vya kusafishia nyumba. Anwani ya kupelekea mzigo ilikuwa kanisa moja la Brooklyn, lililopo Clinton Avenue. Walioiandika walikuwa watu wa kujitolea waliojiita Occupy Sandy, na harusi yao ilikuwa kimbunga.

Tuwakumbushe kimbunga chenyewe. Sandy kiliingia nchi kavu New Jersey usiku wa Jumatatu tarehe 29 Oktoba 2012. Eid al-Adha mwaka ule ilikuwa Ijumaa iliyotangulia, kwa hiyo Waislamu wa New York walikuwa bado katika siku za Tashriq, nyama ya udhhiya haijamalizika majumbani, pale bahari ilipopanda na kuingia mitaani. Maji yalijaa kwenye mahandaki ya treni za chini ya ardhi. Kusini ya Manhattan kukawa giza. Breezy Point, kule Queens, nyumba zaidi ya 100 ziliungua moto katikati ya mafuriko na zimamoto hawana njia ya kufika. Katika jiji la New York peke yake walikufa watu zaidi ya 40, na wengi wao walikuwa wa Staten Island, ambacho nacho ni kisiwa. Huo ndio mji tajiri wa nchi tajiri.

Waliofika mwanzo kwenye mitaa ya Red Hook na Rockaway hawakuwa na gari lenye nembo. Walikuwa majirani, na pamoja nao vijana waliokuwa wamejuana mwaka mmoja nyuma katika maandamano ya Occupy Wall Street, wale waliopiga kambi kwenye bustani ya Zuccotti kuanzia Septemba 2011 mpaka polisi wa jiji walipowatoa usiku mmoja wa Novemba. Kambini walijifunza kupika chakula cha mamia ya watu, kupanga zamu, kusimamia ghala. Siasa zao mtu anaweza kuzikubali au kuzikataa, hilo tunawaachia wenyewe. Linalotuhusu ni kwamba kimbunga kilipokuja walikuwa na namba za simu za wenzao, walikuwa na sufuria, na walikuwa wameshazoeana. Hawakuanza kwa kuunda kamati, maana kamati ilikuwepo.

Sasa rudini kwenye ile orodha, maana wapo waliocheka. Walisema vijana hawa wamefanya mzaha na msiba wa watu. Sisi tunasema hakuna kilichofanywa kwa akili zaidi katika kimbunga kile.

Fikirini orodha ya harusi inafanya nini. Kwanza, anayeandika ni mwenye shida, si mwenye pesa. Pili, kitu kikishanunuliwa hutoka kwenye orodha, kwa hiyo hupati birika 14 na kukosa kijiko. Na anayetoa hana nafasi ya kukuletea alichochoka nacho, anakuletea ulichosema. Wale watu wa Brooklyn waliona kwamba utaratibu huu tayari upo, umejengwa kwa ajili ya mabibi harusi, unafanya kazi usiku na mchana, wakauchukua kama ulivyo. Asubuhi wakiambiwa Rockaway wamekwisha nepi, mchana nepi zimo kwenye orodha, na mtu aliyeko California ambaye hajawahi kuiona Rockaway ananunua pakiti na inaletwa mpaka mlango wa kanisa.

Linganisheni na misaada tunayoijua. Kila penye maafa duniani hutokea mlima wa nguo. Ulitokea New York pia, mpaka vituo vya misaada vikaanza kuwaambia watu basi, msilete nguo tena, leteni vifaa vya usafi. Nguo za nani? Za kabati zetu. Zile zilizotubana, zilizochujuka, viatu vya mguu mmoja na nusu. Mtu akisikia mafuriko hufungua kabati na kusema Alhamdulillah, nimepata pa kuvipeleka. Halafu anakwenda kulala akijua ametoa sadaka.

Hiyo si sadaka, jamani. Huko ni kufanya usafi wa nyumba kwa mgongo wa maskini. Na dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya kulisemea. Katika Suratul Baqara tumekatazwa kukusudia kutoa kilicho kibovu, kitu ambacho tungepewa sisi tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Hatuhitaji tafsiri ndefu. Uliza tu: blauzi hii ningempelekea wifi yangu kwenye sanduku la harusi yake? Kama jibu ni hapana, basi mama aliyepoteza nyumba hakupoteza na macho.

Kuna sura nyingine ambayo wengi wetu tunaijua kwa moyo tangu chuoni na tunaisoma kwa haraka kwa sababu ni fupi: Al-Maaun. Sura hii imepewa jina lake kwa neno la mwisho, na wafasiri wengi, wakiwanukuu masahaba, wamesema maana yake ni vyombo vidogo vya nyumbani ambavyo majirani huazimana: sufuria, shoka, ndoo. Angalieni jinsi sura ilivyo. Inaanza na yatima na maskini, inawakemea wanaosali kwa kuonekana, na inaishia kwenye ndoo. Nani angedhani kumnyima jirani ndoo kungetajwa katika jambo kubwa kiasi hicho? Lakini muulize mtu ambaye maji ya bahari yamemwingilia ndani mpaka kiunoni ni kitu gani anachokitaka siku ya kwanza baada ya maji kushuka. Atakwambia ndoo na kitu cha kukwangulia tope. Vitu hivyo ndivyo vilivyokuwamo kwenye orodha ya harusi ya Sandy.

Kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza. Ndani ya siku chache nyumba zilizoingia maji huanza kuota ukungu, na ukungu hupanda kutani kama moto wa polepole. Ilibidi watu waingie na barakoa, wabomoe mbao na plasta iliyolowa, watoe magodoro nje, wakwangue. Nyumba moja huchukua siku nzima ya watu kadhaa. Hakuna anayekuja kupiga picha ya godoro lililooza.

Na kulikuwa na ngazi. Hili tungependa mlitulize moyoni, hasa nyinyi mlioolewa na mkahamia kwenye majumba ya ghorofa. Katika nyumba za serikali za New York, zile za watu wa kipato kidogo, majengo kama 400 yalikosa umeme, na wakaazi wapatao 80,000 waliathirika. Umeme ukikatika lifti husimama. Lifti ikisimama, bibi wa miaka 80 aliyeko ghorofa ya 14 amefungiwa hewani. Maji hayapandi kwa sababu pampu nazo zinataka umeme. Dawa zake zinakwisha. Hajui kama chini kuna mtu anagawa chakula, na hata akijua hawezi kushuka. Gari la msaada linasimama barabarani, foleni inapangwa, na foleni ni ya wenye miguu. Waliompata bibi yule ni wale waliopanda ngazi gizani na tochi mkononi, mlango baada ya mlango, wakiuliza wewe unahitaji nini, wakaandika, wakashuka, wakapanda tena na dumu la maji. Katika watu hao walikuwamo madaktari na wauguzi waliojitolea, na walikuwamo wasichana ambao wiki moja kabla hawakuwa na kazi yoyote ya maana.

Mashirika makubwa hayawezi kulifanya hilo kwa urahisi, na hatusemi kwa chuki. Wao wana bima zao, taratibu zao, dereva wao hatakiwi kutoka kwenye gari. Jirani anajua kwamba yule wa ghorofa ya 14 ana kisukari. Mgeni atalijua hilo akiambiwa na nani?

Ila kuna jambo moja la mashirika makubwa hatulisamehi, nalo ni kamera. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya kama dola milioni 300 kwa ajili ya Sandy. Tarehe 1 Novemba 2012, siku tatu baada ya kimbunga, kiongozi wa Staten Island wakati huo, James Molinaro, alisimama hadharani akawaambia watu wake wasiwape tena pesa, kwa kuwa hakuwaona kisiwani. Miaka miwili baadaye, waandishi wa ProPublica na redio ya NPR walichapisha uchunguzi uliotumia ripoti za ndani za shirika lenyewe, uliosema kwamba magari ya huduma yaliondolewa kazini ili yasimame nyuma ya wakubwa kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Shirika lilipinga uchunguzi huo kwa nguvu. Watu wa Staten Island nao walikuwa na macho yao.

Siku zile zile jiji lilikuwa bado linataka mbio za marathoni zifanyike tarehe 4 Novemba, na jenereta zilikuwa zimeshapelekwa bustani ya Central Park kwa ajili ya waandishi, wakati watu wamekaa gizani upande wa pili wa maji. Kelele zilipozidi, mbio zikafutwa siku mbili kabla.

Msiseme hayo ni ya kwao. Ugonjwa huu tunao. Mvua za masika zikijaza mitaa ya bondeni, mnaziona picha wenyewe kwenye simu zenu: mama ameshika kiroba cha unga upande mmoja, mtoaji ameshika upande wa pili, na wote wawili wanaangalia kamera. Mtoaji anatabasamu. Mama huyo ana watoto wanaosoma skuli, ana wakwe, ana shoga zake, na kuanzia leo wote wamemwona akiomba. Sisi watu wa sitara, tunaomfunika bibi harusi wetu ukaya mpaka saa ya kufunuliwa, sisi ndio tunaomfunua mwenzetu siku ya dhiki yake mbele ya dunia nzima. Tunajua mtajibu kwamba picha inahamasisha wengine watoe. Piga picha ya mizigo. Piga picha ya risiti. Uso wa mwenye shida si risiti yako. Allah ametwambia kwamba sadaka ikifuatwa na masimango na udhia inabatilika, na sisi hatuoni udhia mkubwa kuliko picha ambayo haitafutika hata mtoto wake akishakuwa mtu mzima.

Occupy Sandy walikuwa na msemo wao waliouandika kila mahali, kwa maana kwamba wanachokifanya ni kusaidiana, si kufadhili. Mwanzo tulidhani ni maneno tu ya vijana. Lakini angalieni ndani yake. Mfadhili huja na huondoka, na baina yake na mpokeaji kuna meza. Wanaosaidiana hawana meza: aliyepewa blanketi Jumanne, Jumatano yumo jikoni anamenya viazi. Mtu aliyepoteza kila kitu ana jambo moja linalomrudishia utu wake haraka kuliko godoro jipya, nalo ni kupewa kazi. Nani asiyejua haya katika nyumba zetu? Ukiwa na msiba, majirani huja na mchele, na wewe hukai kama mgeni. Na mwezi ujao kwa jirani kukiwa na hitima, unakwenda kuchambua mchele wake. Hakuna anayeitwa mfadhili. Watu hupokezana.

Waliojitolea kwa njia hii New York walifika kwa makadirio 60,000. Na mwaka 2013 ilitolewa ripoti iliyoandikwa kwa ajili ya wizara ya usalama wa ndani ya Marekani, iliyowachunguza vijana hawa ikasema mtandao wao ulikuwa mwepesi na wenye manufaa, na kwamba wakubwa wana la kujifunza. Hebu fikirini: mwaka mmoja mtu anatolewa bustanini na polisi, wa pili anaandikiwa ripoti ya kusifiwa.

Haikuwa yote asali. Walipokea pesa zaidi ya dola milioni 1, na pesa zikaleta maneno. Zigawanywe vipi, nani aamue, mbona mtaa fulani umepata na sisi hatujapata? Watu wa Rockaway waliuliza maswali makali na walikuwa na haki ya kuuliza. Mkusanyiko usiokuwa na kiongozi unapendeza wakati wa kupika; wakati wa kuhesabu unataka daftari. Hapa tutajipa sifa kidogo. Mwanamke aliyewahi kushika pesa za upatu wa watu 30 kwa miaka mitano bila ya shilingi kupotea anajua kitu ambacho vijana wale walikijua kwa tabu. Daftari husomwa mbele ya wote, kwa sauti, na jina la kila aliyetoa na kila aliyepokea zamu. Hakuna kiini macho.

Tuingie kwenye kisiwa cha wenzetu wa mbali, maana New York mtu anaweza kusema ni jiji, lina madaraja na barabara. Puerto Rico imezungukwa na bahari kama sisi. Kimbunga Maria kiliipiga tarehe 20 Septemba 2017 na umeme ukazimika kisiwa kizima. Wako waliokaa karibu mwaka mzima bila ya taa. Serikali ilisema mwanzo kwamba wamekufa watu 64. Mwezi wa Agosti 2018, baada ya uchunguzi wa chuo kikuu, ikakubali hesabu ya watu 2,975. Wengi katika hao hawakuuawa na upepo. Walikufa wiki na miezi iliyofuata, wazee na wagonjwa, kwa kukosa umeme, matibabu na mtu wa kuwafikia. Yaani ngazi zile zile, ila hapa hakuna aliyepanda.

Hata hivyo walikuwapo waliopanda. Katika kijiji cha Mariana, wilaya ya Humacao, watu walifungua jiko la pamoja wakalisha mamia. Caguas likafunguliwa jingine, na kwa muda mfupi vituo vya namna hiyo vikawa vingi kisiwani. Aliyekuwa na gesi alileta gesi, aliyekuwa na ndizi alileta ndizi. Mjini Adjuntas, milimani, kituo cha Casa Pueblo kilikuwa na umeme wake wa jua tangu zamani, kwa hiyo watu wakaenda pale kuchaji vifaa vyao vya kupumulia.

Na msaada mkubwa ulikuwa wapi? Januari 2020, tetemeko la ardhi lilipoipiga kusini ya kisiwa hicho, wananchi waligundua ghala mjini Ponce limejaa maji ya chupa, vitanda na vyakula, vingine vikiwa vimekaa humo tangu Maria. Gavana alimfukuza mkuu wa idara ya maafa. Miaka miwili na zaidi mzigo uko nyuma ya kufuli, na watu walishazikwa.

Hatusemi kwamba serikali iachiwe ikae. Yapo watakaoyasoma haya wakafurahi, waseme kumbe kinamama wanajiweza, basi bajeti ya mitaro ipelekwe kwingine. Hapana. Sufuria haiwezi kujenga ukuta wa bahari. Kamati ya harusi haiwezi kurudisha nguzo za umeme wala kujenga hospitali, na jirani mwema si sababu ya kumwachia mwenye ofisi alale. Kodi tunalipa. Tunasema kitu kingine: siku tatu za mwanzo hazina serikali. Hazinayo New York, hazitakuwa nayo hapa.

Na sisi ni watu wa visiwa. Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani, safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Kilituelekea kikapita kwa wepesi, Alhamdulillah. Lakini wazee wetu hawakupata wepesi huo mwaka 1872, mwezi wa Aprili, upepo ulipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja majahazi na merikebu bandarini, Seyyid Barghash akiwa sultani. Watu husema visiwa vyetu havina vimbunga. Vinavyo, ila ni vya nadra, na kwa nadra hiyo hatujajiandaa. Boti zikisimama siku nne, mchele uliopo ni ule uliomo majumbani.

Sasa tuwajie mabibi harusi, ndio tuliowaitia. Kila harusi ya mitaani kwetu huzaa kitu kikubwa halafu sisi wenyewe hukiua. Kwa miezi mitatu wanawake 40 wanakuwa na kundi la simu, mshika fedha anayeaminika, mtu wa maturubai, mtu anayejua nani ana masufuria makubwa na majamvi, mpishi anayeweza kukadiria mchele wa watu 500 bila ya mzani, na vijana wa kubeba. Wanajua nani mgonjwa asiyeweza kuja ukumbini apelekewe sahani yake nyumbani. Jeshi zima, hilo! Walima ukimalizika, mmoja baada ya mmoja anajitoa kwenye kundi, na namba ya mwisho ikitoka kundi linafutwa. Occupy Sandy walifanikiwa kwa sababu ya watu waliokwisha kuzoeana kazini. Sisi tunawazoesha watu kila mwezi kisha tunawatawanya.

Msilifute. Kundi la harusi yako libaki, likae kimya kama likipenda, lakini libaki. Kwenye bajeti yako ya shughuli, ambayo tunajua imeshabana, toa bei ya keki ya ghorofa moja. Keki ya ghorofa nne na ya tatu hazina tofauti machoni mwa wageni. Pesa hiyo inunue tochi, dawa ya kusafishia maji na madumu, vikae kwa mmoja wenu aliye mahali pa juu. Anayeuliza kwa nini achangie vitu ambavyo huenda visitumike, mwambieni hata kaniki tumeweka makabatini na hatujui lini tutaivaa.

Na wapo watakaosema mambo ya maafa ni ya wanaume na masheha. Masheha tunawaheshimu, na tutawaomba majina ya wenye nyumba. Lakini sheha hajui mke mdogo wa nyumba ya tatu ana mimba ya miezi minane. Nyinyi mnajua, kwa sababu mlikuwa naye juzi kwenye singo. Andikeni. Daftari la kawaida la skuli latosha: nyumba, ghorofa, waliomo, mgonjwa gani, dawa gani, mtoto anavaa nepi namba ngapi. Lisikae kwenye simu peke yake, simu huisha chaji. Na masufuria ya shughuli yakisharudishwa wiki hii, andikeni yako kwa nani na ufunguo wa stoo anao nani akisafiri.